Asteria wa Upande wa Kushoto

Kocha kutoka Moroko alimkuta Suzana peke yake kwenye benchi kando ya uwanja wa tenisi, Jumamosi asubuhi, akijichua bega. Alivua kofia, akasalimia kwa Kiingereza cha adabu, kisha akasema kilichomleta. Mchezaji wake alikuwa amebaki bila mwenzi, msimu wa Ulaya ulikuwa unakaribia, na walimtaka Asteria.

"Nimempigia simu hapatikani," alisema. "Nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiye mwenzake, na sipendi kuchukua mtu kwa kificho. Mwambie anione kabla ya fainali ya kesho. Baada ya hapo tunaondoka."

"Nitamwambia," Suzana akajibu.

Yule bwana alivaa kofia yake, akaanza kuondoka, kisha akageuka. "Mwenzako anacheza nafasi moja na nusu," alisema. "Miaka mingi sijaona jambo kama lile." Akaenda zake, akiamini amesema kitu ambacho Suzana alikijua zamani.

Suzana hakukijua. Wala hakukitafakari, maana kichwani mwake palikuwa na jambo moja tu: anaachwa.

Haukupita muda Asteria akatokea upande wa lango, raketi mbili kwapani, uso umelowa maji ya kunawa.

"Yule mzee wa kofia alikuwa anatafuta nini?"

"Hamna. Alikuwa anasalimia."

"Watu wa Moroko wana adabu," Asteria alisema. Akakaa chini kwenye saruji na kuanza kukagua nyuzi za raketi. Raketi yenyewe ilikuwa ya Suzana.

Jambo hili lisemwe wazi, lisifunikwe kwa huruma. Kumnyima mtu habari iliyo yake ni kumwibia, na wizi hauachi kuwa wizi kwa sababu mwizi ana machozi. Suzana alikuwa mwanamke mwema, mlezi wa wadogo zake, msomaji wa masomo kanisani Shinyanga mjini kila anapokuwa nyumbani. Siku ile aliiba. Alijua ameiba, na ndiyo maana alishindwa kuutazama mkono wa Asteria ukipita juu ya nyuzi zake.

Sababu ya woga wake ilikuwa nyepesi kueleza. Katika tenisi ya wawili wawili hakuna anayeingia mashindanoni peke yake. Nafasi zenu za dunia hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo inayofungua mlango au kuufunga. Ukiwa na mwenzi mzuri unakula. Ukikosa mwenzi unarudi kwenu. Bega la kulia la Suzana lilikuwa limeanza kumsaliti tangu mashindano ya Kigali, na hakuwa amemwambia mtu. Alikunywa vidonge, akajichua, akajipaka dawa ya Kichina yenye harufu kali, akasema ni ya mbu. Asteria akimwacha, hakuna mwingine duniani atakayemchukua mtu wa bega bovu. Hivyo kila siku iliyopita kabla ya fainali ilikuwa siku ya kuomba bega lisionekane.

Lakini kwanza ieleweke Asteria ni nani.

Alizaliwa Mwadui, binti wa Ngusa, dereva wa malori ya mgodi, na wa Serafina, mwanamke wa Ushetu aliyekulia kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku. Nyuma ya nyumba zao palikuwa na uwanja wa tenisi waliouacha wahandisi wa enzi za zamani. Watoto walipoukuta, saruji ilikuwa imepasuka, majani yameota kwenye nyufa, na mistari inabidi uikumbuke maana kuiona huwezi. Mwalimu Gregory, aliyefundisha hesabu, alikuwa na ndoo ya mipira mikuukuu iliyonyonyoka manyoya. Alikuwa mtu mkavu, asiyecheka hovyo, na aliamini kwamba mtoto anayeshika raketi jioni hashiki mambo mengine.

Shida ilikuwa uzio. Nyuma ya uwanja, hatua chache tu, ulipita uzio wa mgodi wenyewe, ule wa seng'enge. Mpira ukivuka uzio ule, basi. Kule ndani kuna almasi. Hakuna mtoto wa kuingia kuuokota, wala hakuna kitu kinachotoka bila kupekuliwa, na mpira wa tenisi una uwazi ndani. Nani ajuaye umebeba nini? Mlinzi mmoja, mzee Maige, aliwazoea watoto na alipenda kuwachokoza.

"Shikamoo babu! Tunaomba mpira wetu!"

"Marahaba wajukuu. Mpira gani?"

"Huo hapo, karibu na buti lako!"

"Huu? Huu umeshaajiriwa. Mngoje ustaafu."

Wakacheka, lakini mpira haukurudi. Ndoo ya Mwalimu Gregory ilikuwa inapungua, na siku itakapokuwa tupu mchezo umekwisha. Basi watoto wakajiwekea sheria yao wenyewe: mpira hauruhusiwi kupita. Uwe unaenda ndani, uwe unaenda nje, uwe unaenda kwa jirani, uzuie ukiwa hewani. Na kwa kuwa ukidunda kwenye nyufa huruka upande usioujua hata wenyewe, hakuna aliyeungoja udunde. Watoto wa mahali pengine walijifunza tenisi wakiwa nyuma kabisa ya uwanja. Watoto wa Mwadui walijifunza wakiwa wamesogelea wavu, macho yametoka.

Suzana aliletwa pale akiwa msichana mrefu wa darasa la sita, mtoto wa karani wa pamba wa Shinyanga mjini. Kule mjini alikuwa amefundishwa na mjomba wake kuanzisha mpira kwa nguvu mpaka wavulana wakawa wanakwepa. Siku ya kwanza alipiga kama kawaida yake. Upande wa pili, karibu na wavu, kalisimama kasichana kafupi kenye kaptula ya kaka yake, hakana hata viatu. Mpira ule wa kutisha ulikwenda, na Suzana akawa anageuka tayari kuchukua mwingine. Akasikia *tap*, sauti ndogo kama ya mtu anayefunga kisanduku. Mpira ulikuwa umelala miguuni pake.

Akapiga tena, kwa hasira. *Tap.* Ukalala palepale.

"Unafanyaje?" aliuliza.

"Sifanyi kitu," kale kasichana kakajibu. "Nimekaa unapopita."

Suzana hakuyasahau maneno yale. Baadaye, alipokuwa ameona viwanja vya nchi nyingi na watu wenye majina makubwa, bado alisema hajakutana na mtu mwingine anayejua mpira utapita wapi kabla mpigaji mwenyewe hajaamua. Ilikuwa kama vile Asteria alisikia nia ya mtu. Alitazama kisigino cha mpinzani, bega, namna anavyomeza mate, kisha akasogea kidogo tu, na mpira ukaja kama mbwa anayeitwa kwao.

Mwalimu Gregory aliwaunganisha wiki ileile. Suzana upande wa kulia, Asteria upande wa kushoto, na hawakubadilishana tena.

Safari yao ya kwanza nje ilikuwa Nairobi, na huko walichekwa. Walifungwa na mabinti wawili ambao kwa haki hawakustahili hata kuwabebea mifuko, na walifungwa kwa kosa ambalo hakuna mtu duniani angelifanya ila watoto wa uzio ule. Mpira ulikuwa unaelekea nje, nje kabisa, kwenye maua, pointi ni yao tayari. Asteria anaruka, anauzuia, anaurudisha mchezoni. Mpinzani anapumua, anapiga tena, anashinda. Suzana naye vivyo hivyo. Hakuna aliyewaambia kwamba duniani kuna mipira ya kuacha ipite.

"Ninyi mmetumwa?" mwamuzi mmoja wa Kikenya aliwauliza, akicheka mpaka akashika tumbo. "Mbona mnawasaidia wenzenu?"

Waliporudi, Mwalimu Gregory hakucheka. Aliwasimamisha kwenye wavu na kuwarushia mipira ya kwenda uzioni, mmoja baada ya mwingine, akiwakataza kuigusa. Kila ulipopita, walitakiwa kupiga kelele kwa Kisukuma, "Leka!", yaani uache. Suzana alizoea upesi. Asteria alilia. Mzee Maige kule ndani akawa anaipokea akisema, "Karibuni kazini, karibuni kazini," na ndoo ile ikaisha jioni ileile. Mwalimu alikuwa ameitoa ndoo nzima ili wajifunze neno moja. Mama Asteria alipopata habari akamtumia Mwalimu jogoo.

Ndivyo kazi yao ilivyoanza, na ilikuwa kazi kweli, ingawa nyumbani watu wengi hawakuiita hivyo. Kigali, Bujumbura, Kampala, Tunisia, Misri. Walifua jezi kwenye masinki ya hoteli, wakazianika madirishani. Walilala viwanja vya ndege wakiwa wameegemeana migongo. Walishinda wiki moja, wakatolewa raundi ya kwanza wiki tatu. Hakuna kamera iliyowafuata. Mashindano ya wawili wawili huchezwa kwenye uwanja wa pembeni, watazamaji wakiwa kocha mmoja, mfagiaji, na mtu aliyepotea njia. Katika mazingira hayo Asteria alipanda, mwaka hadi mwaka, mpaka majina yao yakawa yanasomwa na watu wanaoujua mchezo.

Shinyanga hawakuelewa. Kila waliporudi, swali lilikuwa lilelile.

"Sasa lini mtacheza kila mtu peke yake, tujue nani zaidi?" aliuliza jirani mmoja, Makoye, muuza vipuri vya pikipiki, mbele ya watu.

"Hatuchezi hivyo, kaka," Asteria alisema.

"Kwa hiyo wewe bila mwenzako si kitu?"

"Na wewe bila mkeo ni kitu? Nani anakupigia pasi hilo shati?"

Watu wakaangua kicheko, na Makoye mwenyewe akacheka. Lakini swali lake lilikuwa limebeba ugonjwa wa zama hizi. Tunataka mmoja juu na wengine chini. Tunapenda picha ya mtu mmoja aliyeinua kikombe, na hatuulizi ni nani aliyemshikia ngazi. Mara mbili Asteria aliitwa kujiunga na kambi ya wachezaji wa mmoja mmoja, mara mbili akakataa, na watu wakamwita mwoga. Kumbe alikuwa amechagua kazi ngumu zaidi, ile ambayo ukiifanya vizuri kabisa sifa inaangukia kwa mwingine.

Mwaka huu maneno yalikuwa makali. Kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki wa Shinyanga walisema Asteria ameshuka kiwango. Anapitwa pembeni, waliandika, pale kushoto kwake kabisa, kwenye ile njia nyembamba ambayo hata mwanafunzi hulinda. Amezeeka. Amelewa safari. Suzana aliyasoma, na polepole akayaamini. Huko Bujumbura, walipopitwa hivyo mara tatu katika gemu moja, alimkemea mbele ya wapinzani.

"Asteria! Linda njia yako! Umelala?"

"Samahani, Suzi," Asteria alisema. "Nitajitahidi."

Ndipo wakafika Geita, kwenye mashindano ya kimataifa ya ngazi ya chini yaliyoandaliwa katika klabu moja ya wafanyakazi wa migodi. Kwa mara ya kwanza watu wa kwao walikuja kuwaona. Wachimbaji walikuja na buti zao za matope makavu, wanawake wa makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, wakaja na vumbi jeupe kwenye nyusi, na Mama Asteria akaja kwa basi kutoka Mwadui na kapu la viazi vitamu vilivyochemshwa. Walikaa juu ya ukuta wakashangilia mahali pasipotakiwa, wakanyamazishwa, wakashangilia tena.

Nusu fainali ilichezwa Jumamosi mchana, saa chache baada ya maneno ya yule kocha. Walishinda. Suzana alicheza kama mtu aliyebeba maji yanayochuruzika. Baada ya hapo Asteria alikwenda kumsindikiza mama yake kwa ndugu, na Suzana akabaki kwenye kibanda cha mama lishe, mbele ya sahani ya wali alioshindwa kuula. Hapo ndipo Marwa alipomfuata. Alikuwa mchimbaji mdogo kutoka Tarime, mtu wa maneno mengi, aliyerekodi mechi yote kwa simu yake akiwa juu ya ukuta.

"Dada Suzana, mwangaluka!" alimsalimu kwa Kisukuma cha kuazima.

"Saa hizi ni mchana, Marwa."

"Kisukuma changu kinaishia asubuhi. Sikia, nataka nikuulize kitu mimi mtu wa mashimo. Yule mwenzako kwa nini hakai kwake?"

"Hakai kwake vipi?"

"Tazama." Akamsogezea simu. Kutoka juu ya ukuta uwanja wote ulionekana kama mkeka. "Kwenye duara letu, shimo la dhahabu, mmoja anashuka, mmoja anashika kamba juu. Anayeshika kamba haangalii pembeni, anamwangalia aliye chini. Sasa huyu, tangu mwanzo hadi mwisho, anakuangalia wewe. Mpira wenyewe anauangalia kwa wizi."

Suzana alitazama akiwa na nia ya kumjibu upesi ili aondoke. Kisha akaacha kutafuta jibu.

Miaka yote alikuwa amesimama ubavuni mwa Asteria, na mtu aliye ubavuni hujui amesimama wapi. Sasa alimwona kutoka juu. Asteria hakuwa upande wa kushoto. Alikuwa amesogea katikati hatua nzima, na nyuma kidogo. Kila mpira wa juu uliotupwa kumpita Suzana kichwani, ule ambao mtu hulazimika kuupiga mkono ukiwa umenyooshwa juu, ule wenye kurarua bega, Asteria alikuwa ameshaanza kukimbia kabla haujapanda. Alipita nyuma ya mwenzake, akaita "Badili!", akaupiga yeye. Suzana alihamia kushoto bila kufikiri, kama alivyofanya tangu utotoni. Ukaja mwingine. "Badili!" Na mwingine.

"Rudisha nyuma," Suzana alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Una mechi nyingine?"

"Ninayo ya jana na ya juzi. Mimi nimeacha kazi kwa ajili yenu, dada."

Akazitazama zote. Hakukuwa na mpira wa juu hata mmoja aliokuwa ameupiga yeye. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipoupiga, akarudi nyuma katika kumbukumbu zake, Bujumbura, Kampala, mpaka akafika Kigali. Na pale kushoto, kwenye njia ile nyembamba, palikuwa wazi kama mlango wa nyumba isiyo na watu. Wapinzani wenye akili walipitisha mipira yao hapo. Ile ilikuwa bei yake. Asteria aliujua uwazi ule, aliuacha kwa makusudi, akapokea matusi ya mji mzima na kemeo la mwenzake, akajibu, samahani, nitajitahidi.

"Dada, unalia?" Marwa alishtuka. "Jamani, mimi nilikuwa nauliza tu."

Suzana hakulia kwa huzuni. Ni ile hali inayompata mtu akiingia mahali patakatifu akiwa na viatu vyenye tope, akatambua alipo. Alikuwa amekula kwa mkono wa mtu mwingine kwa miezi mingi, akidhani mkono ni wake.

Aliinuka, akamshukuru Marwa, akaenda kumtafuta Asteria kabla jua halijazama. Alimkuta njiani, akirudi, kapu la mama yake tupu kichwani kama kofia. Suzana alimwambia yote akiwa amesimama: bega, vidonge, dawa aliyosema ni ya mbu, na mwisho maneno ya kocha wa Moroko.

Asteria alishusha kapu.

"Bega nalijua," alisema. "Tangu Kigali. Ile dawa yako inanuka mpaka chumba cha pili, wewe. Mbu gani?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeanza kucheza kwa woga. Mtu mwenye woga hatazami mpira, anatazama panapouma."

"Watu wamekutukana, Asteria. Mimi nimekukemea."

"Sasa ulitaka niwaambie nini? Kwamba Suzana mbovu? Mimi ni mchezaji wa wawili. Kazi yangu nyingine ni ipi?" Kisha sauti yake ikabadilika, na Suzana, aliyemjua tangu wakiwa na magoti ya vumbi, aliona kwa mara ya kwanza hasira ya kweli usoni pake. "Lakini yule mzee amekuja na neno langu, wewe ukalikalia. Nimekuuliza, ukaniambia anasalimia. Hilo limeniuma. Bega halikuniuma hata siku moja."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila usinizoeze."

Wakatembea mpaka karibu na geti la klabu. Suzana ndiye aliyesema lililobaki, na hilo lihesabiwe kwake, maana halikuwa rahisi. "Nenda nao. Mimi nitakwenda hospitali Mwanza, kisha nitarudi kwa Mwalimu Gregory. Watoto ni wengi pale, na yeye magoti yamechoka. Fainali tujitoe."

"Nitakwenda," Asteria alisema, na halikuwa neno alilolifikiri muda mrefu. Alikuwa na miaka michache iliyobaki katika kazi hii na alijua hivyo. "Nitakwenda kwa sababu umenituma wewe. Fainali hatujitoi. Kesho utaanzisha mpira kwa chini, mkono uko kiunoni, kama unamrushia mtoto. Sheria inaruhusu."

"Wataniua! Mpira mwepesi hivyo wataupiga wapendavyo."

"Waupige," Asteria alisema. "Mimi nitakuwa nimekaa unapopita."

Watu wa Geita bado wanaisimulia fainali ile, na wengi wao hawajui hata pointi zinahesabiwaje. Wapinzani walikuwa dada wawili wa Misri, warefu, wenye nguvu. Suzana alipoanzisha mpira kwa chini mara ya kwanza, ukuta mzima uliguna. Hata wale dada walitazamana. Lakini mbele ya Suzana, katikati kabisa ya uwanja, Asteria alikuwa amechuchumaa chini ya ukingo wa wavu, mkono mmoja mgongoni, vidole vikimwonyesha mwenzake atakakochupia. Mmisri aliupiga ule mpira mwepesi kwa nguvu zake zote. *Tap.* Ukafa upande wa pili.

Akachupa kushoto. Akachupa kulia. Wakampigia mwilini, akauondoa mbele ya kifua kama mtu anayefukuza nzi. Wakautupa juu, akawa ameshafika. Haikuwa kasi, maana kasi ya miguu Asteria hakuwa nayo tena. Wale mabinti walipokuwa wanaamua, yeye alikuwa ameshaamua nao. Kelele za ukutani zilipungua, zikapungua tena, mpaka watu wale wa baruti na makarasha wakanyamaza bila kunyamazishwa. Marwa aliishusha simu akasahau kurekodi. Mama Asteria alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Seti ya kwanza waliipata. Ya pili wakaipoteza. Ikabaki ile ya kuamua, ya kufika pointi kumi, na walikwenda bega kwa bega mpaka tisa kwa nane, wakiwa nyuma kwa pointi moja. Mpira wa juu ulipanda kwenda kwa Suzana. Alijua Asteria anakuja, alisikia nyayo. "Badili!" Asteria aliupiga vizuri, Suzana akakimbilia kushoto, lakini Mmisri mkubwa alikuwa ameisoma mbio ile mechi nzima. Akaupitisha kwenye ile njia nyembamba ya kushoto, kabla Suzana hajafika. Ukadunda ndani ya mstari.

Wamefungwa.

Safari hii hapakuwa na aliyesema Asteria amelala. Watu wote walikuwa wameona njia ile imeachwa kwa ajili ya nani. Makoye, aliyekuja kutoka Shinyanga na shati lake lililopigwa pasi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama juu ya ukuta. Kisha wakasimama wote, wakawa wamesimama tu, wachimbaji wamevua kofia zao. Wale dada wa Misri walivuka wavu, wakamwendea Asteria kabla ya kukumbatiana wao kwa wao.

Yule kocha, aliyekwisha kupata jibu la Asteria asubuhi kabla ya fainali, alingoja watu wapungue. Gari lao lilikuwa limewashwa tayari, lakini aliomba wajaribiwe kidogo pamoja, Asteria na yule binti wake, ili waonane tu. Suzana alikaa kwenye benchi, barafu begani, mfuko wa raketi za Asteria magotini pake. Binti wa Moroko aliingia uwanjani akirukaruka, mrembo, kijana, mwenye viatu vipya. Akasimama upande wa kulia, mahali pa Suzana, akarusha mpira juu, tayari kuonyesha alichonacho.

"Ngoja," Asteria alimwambia kwa Kiingereza chake cha safarini. "Kabla hatujaanza, niambie unaumwa wapi."

Binti akacheka. "Mimi? Siumwi popote."

Asteria hakucheka. Alisimama palepale upande wa kushoto, raketi imeshuka, hana haraka yoyote, akamngoja kama mtu mwenye jioni nzima. Yule binti alimtazama kocha wake, akayaondoa macho, akautazama mpira mkononi. Kisha akainama, na polepole akagusa goti lake la kushoto.